Moja Imewaka, Mbili Imezima

Naomba radhi kabla sijaanza, kwa sababu hadithi hii nitaisimulia vibaya. Mimi nimelelewa na jukwaa la vichekesho. Nikipewa maiti niioshe, nitaitekenya. Mama yangu, ambaye aliyepatwa na haya ni kaka yake wa tumbo moja, ameniambia nikiiharibu nisikanyage kwake. Basi nikichekesha mahali pa kutisha, mnivumilie. Nikitisha mahali pa kuchekesha, mjue sikukusudia, ndivyo ilivyokuwa.

Mjomba wangu ni fundi umeme wa boti. Watu walimbandika jina la Fyuzi tangu ujana, wala si kwa ajili ya kazi. Ni hasira. Anakatika ghafla, giza linaingia nyumba nzima, na hakuna wa kumwasha mpaka apoe mwenyewe. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ni nahodha wa boti ya abiria, mtu wa kifua kipana na ulimi mwembamba. Siku Fyuzi alipomwoa dada yake, umeme ulikatika ukumbini bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anaingia. Watu wakanyamaza gizani. Ndipo Nahodha akasema, kwa sauti ya kufika hadi jikoni, kwamba dada yake kaolewa na fundi umeme na harusi imekosa umeme, sasa huko chumbani sijui itakuwaje. Ukumbi ulicheka mpaka taa ziliporudi. Zikawaka, zikamkuta bwana harusi hacheki.

Toka siku hiyo hawakusemeshana. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaota ndevu, na wakubwa hawa wawili hawajapeana hata salamu ya kuibia. Lakini boti ilikuwa ya mmoja na nyaya zake zilikuwa mikononi mwa mwingine, na gati lile halikuwa na fundi wa pili wa kuaminika. Maneno yalilazimika kupita mahali. Yalipita kwa baharia wa Nahodha, mtu mzima mwenye mvi na kibiongo kidogo, mpole kama mto wa sufi, ambaye wote walimwita Posta. Mwambie fundi taa ya mbele haiwaki. Mwambie huyo nahodha aache kumwagia dashibodi maji kama anaosha mbuzi. Posta alikwenda na kurudi kwa miaka, na alikuwa na hekima yake: matusi aliyavua njiani. "Mwambie mjinga yule" ilipokelewa ng'ambo ya pili ikiwa imeoga, imevaa shati safi, inasema "anakusalimu". Watu wa gati walikuwa wakisema Posta akistaafu, wale wawili watauana.

Basi boti ikashikwa na ugonjwa. Safari nyingi ilikwenda vizuri. Halafu siku moja, katikati ya maji, bila sababu, kila kitu kinakufa. Mashine, redio, honi, pampu ya kunyonya maji ya tumboni. Kimya. Baada ya kitambo vyote vinafufuka vyenyewe, kama mtu aliyekuwa kasinzia mkutanoni. Mafundi wanauchukia ubovu wa aina hii kuliko ubovu mwingine wowote. Kitu kilichokufa moja kwa moja unakifungua, unakiona kilichokiua. Kinachokufa na kufufuka kinakusubiri uondoke.

Gatini wakasema boti imerogwa. Nahodha akaenda kwa mganga, mganga akamwambia adui yake ni mtu wa karibu. Fyuzi alipoletewa habari hiyo aliuliza ni mganga gani duniani aliyewahi kusema adui yako ni mtu wa mbali. Lakini hakucheka. Kila mmoja alianza kumtazama mwenzake kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia kukata.

Msiba ulikuja mchana mweupe. Umeme ulikata penye mkondo mkali, boti ikageuka ubavu, abiria wakaanza kushikana. Posta akachukua upondo, akaenda mbele kuisukuma boti isipande mwamba. Nahodha alibana kitufe cha honi kuomba msaada kwa boti iliyokuwa ikipita mbali, na kitufe hakikutoa hata mguno. Alibana tu. Wimbi likapiga, Posta akaenda majini. Aliibuka karibu sana, abiria wakamwona akifungua kinywa. Na wakati ule ule umeme ukarudi.

Honi ikalia kwa nguvu zake zote.

Waliokuwapo walisimulia kwamba waliiona midomo ya Posta ikisema kitu, na si neno moja, ni maneno, kama mtu anayefikisha ujumbe. Hakuna aliyesikia. Nahodha alipotoa kidole kwenye kitufe, maji yalikuwa yameshajifunga. Mwili haukupatikana.

Msibani mtu mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba wahenga walisema mjumbe hauawi, na huyu wetu kauawa, na waliokuwa wakimtuma wamekaa chumba kimoja, hawatazamani. Nahodha akasema nyaya ndizo zilizoua. Hakumwambia Fyuzi, aliuambia ukuta uliokuwa karibu na Fyuzi. Fyuzi akauambia ukuta mwingine kwamba nyaya hazina uchu wa kupakia watu kwenye boti mbovu. Kuta mbili zilikaribia kupigana siku ile.

Aliyelimaliza jambo hilo ni mke wa Fyuzi. Wageni walipoondoka hakulia wala hakufoka. Alikaa kitandani, akavua hereni, akaziweka kwenye kisahani.

"Kesho mtaingia kwenye boti ile wote wawili," akasema. "Mtafute kosa. Likiwa lako, nahamia kwa kaka yangu. Likiwa lake, siku akifa sitamzika."

Mjomba wangu alijua mkewe hana maneno ya akiba. Alichosema ndicho alichonacho. Usiku kucha aligeuka upande huu na ule akiomba jambo moja, na anakiri mwenyewe kwamba hakuomba marehemu apumzishwe. Aliomba kosa liwe la shemeji.

Kesho yake jua lilikuwa limesimama utosini. Boti ilikuwa imefungwa mwisho wa gati, mbali na nyingine, kwa sababu wenye boti nyingine walikataa kufungwa jirani nayo. Nahodha alikuwa amekaa juu ya kiti chake cha usukani, mikono kifuani, akitazama maji. Fyuzi akapanda na begi la vifaa, akapita mbele yake kama anapita mbele ya jokofu. Mkewe akabaki kusimama gatini, katikati yao, akiwapa maelekezo kama mwalimu wa chekechea.

Kazi yenyewe ilihitaji watu wawili. Betri ilikuwa nyuma, usukani ulikuwa mbele, na kati yao waya mnene ulilala chini ya sakafu, ndani ya tumbo la boti. Ubovu wa kukata na kurudi hautafutwi kwa macho. Unafunga taa ndogo ya kupimia kule mbele, mtu mmoja anaitazama. Mwingine anatambaa chini na waya, anautikisa kipande kwa kipande. Anapoutikisa na taa ikafumba jicho, hapo ndipo pabovu. Lakini anayetambaa haioni taa. Lazima anayeitazama amwambie: imewaka, imezima, imewaka.

Na hawa hawasemeshani.

"Hamtaki kusema, basi gongeni," mke akasema. "Kaka, utagonga sakafu. Moja, imewaka. Mbili, imezima. Hata mbwa wangeweza."

Akawaacha, akaenda kukaa na mjane wa Posta.

Fyuzi alianza na vitu vya wazi. Alipima betri kwa mita, ikawa nzima. Akafungua vichwa vyake, akavisugua kwa brashi ya waya mpaka vikang'aa, akavikaza. Akaitazama swichi kuu, akaizungusha, akaisikiliza. Nzima. Fyuzi, nasema zile za kwenye boti, nzima zote. Akafunga taa ya kupimia kwenye dashibodi, karibu na goti la shemeji yake, ikawaka njano, na Nahodha akasogeza goti kama vile limeguswa na kinyesi. Kisha mjomba akafungua mfuniko wa nyuma, akaweka tochi mdomoni, akaingia.

Kama hujawahi kulala katika tumbo la boti, usione wivu. Ni nafasi ya mtu aliyelala kifudifudi, basi. Sakafu inakukwaruza mgongo. Chini ya kifua chako kuna ganda la boti, faiba nyembamba, na chini ya faiba kuna maji, unayasikia yakilamba. Kunanuka petroli na vitu vilivyooza kwa siri. Kurudi nyuma ni kwa viwiko.

Aliushika waya. Akautikisa. Juu ya kichwa chake, tok.

Moja. Imewaka.

Akasogea, akatikisa. Tok. Akasogea tena. Tok. Mjomba anasema alianza hata kufurahi. Kwa mara ya kwanza tangu harusi, shemeji yake alikuwa akimjibu kila anachouliza, tena kwa adabu. Akawaza kwamba huyu bwana angezaliwa bubu wangekuwa marafiki. Akatambaa. Tok. Akatambaa. Tok.

Alipokaribia katikati ya boti aliona kitu kidogo. Majibu yalikuwa mepesi mno. Anatikisa, na mkono haujatulia, tok. Halafu ikawa anaushika tu waya, hajatikisa, tok. Akatukana kimoyomoyo, akijua Nahodha anagonga ovyo ili kazi iishe. Akafanya hila: akanyoosha mkono, akausimamisha hewani kabla ya kugusa chochote.

Tok.

Akautazama mkono wake. Ulikuwa haujafika.

Ndipo akausikiliza mlio wenyewe. Sakafu ya boti ile ilikuwa ya mbao. Ukiigonga inalia kavu, kama meza. Mlio huu haukuwa mkavu. Ulikuwa mzito, umelowa, kama mtu anayegonga pipa lililojaa. Na haukutoka juu ya kichwa chake.

Ulitoka chini ya kifua.

Pembeni, penye bomba la kutolea maji, palikuwa na tundu la ukubwa wa mdomo wa kikombe. Mjomba akasogeza jicho hapo. Aliona mwanga, nguzo ya gati, kamba. Na mbali kule mwanzoni mwa gati, kwenye kivuli cha kibanda, aliona mtu wa kifua kipana amekaa juu ya ndoo, ameipa boti mgongo, anaongea na simu.

Nahodha hakuwa ndani ya boti.

Mtu mwingine angerudi nyuma hapo hapo. Mjomba naye anasema alitaka. Lakini mkono wake ulikuwa umeshatangulia, umelala juu ya waya, na alipoutazama, kulikuja jibu.

Tok, tok.

Imezima. Mbele kidogo ya mkono wake palikuwa na uvimbe kwenye waya. Kiungo. Waya ulikuwa umekatwa, ukasokotwa kwa mkono, ukafungwa tepu nyeusi. Bila kubanwa. Bila kuchomelewa. Kiungo cha haraka, cha aibu, cha kuua watu. Akakigusa kwa kidole. Moja. Akakiachia. Mbili. Akakigusa. Moja.

Kosa lilikuwa limepatikana.

Akakimulika ili ajue ni mpumbavu gani aliyekifunga. Mwisho wa tepu ulikuwa umekunjwa pembe ndogo, kama ukurasa wa kitabu, ili siku ya kuifungua isikusumbue kucha. Katika gati zima ni fundi mmoja tu anayekunja tepu namna hiyo.

Ulikuwa mkono wake.

Yote yakamrudia. Miezi ya nyuma aliitwa haraka, abiria wakiwa wameshajipanga, waya umeliwa na kutu. Hakuwa na kipande cha kubadilisha. Akausokota, akaufunga, akatoka akimwambia Posta: mwambie huyo mpumbavu kwamba hiki ni cha muda, asipakie mtu mpaka nirudi na waya mpya, na akipakia ni kwa sababu kichwa chake kina kifua tu. Posta akatabasamu kama kawaida. Na Fyuzi, kwa kuwa siku hiyo alikuwa amekatika vibaya, akamshika Posta kola. Akamwambia ujumbe huu aufikishe hivyo hivyo. Asipunguze hata neno moja. Jibu lililorudi kutoka kwa Nahodha lilikuwa kwamba fundi aambiwe nahodha hapangiwi. Basi Fyuzi akasusa, hakurudi. Aibu ya nani? Ya mpakiaji. Hivyo ndivyo alivyojiambia, halafu akasahau kabisa, kama tunavyosahau vitu ambavyo hatutaki viwe vyetu.

Sasa alikuwa amelala juu yake.

Bado kulikuwa na tundu moja la kutokea, na mjomba akalikimbilia. Je, kama Posta, kwa wema wake ule, aliyavua matusi pamoja na onyo? Kama Nahodha hakuambiwa? Hapo kosa lingekuwa la marehemu, na marehemu hahamwi na mke. Akatoa tochi mdomoni. Akanong'ona, huku mdomo ukigusa faiba.

"Ulimwambia?"

Maji yakaacha kulamba.

Tok.

"Vile vile nilivyosema?"

Tok.

"Na matusi?"

Tok. Polepole. Karibu zaidi na shingo yake.

Mjomba akafumba macho. Alijua shemeji yake. Onyo angelisikia. Onyo lililokuja na tusi lile, la kwanza kumfikia likiwa halijavuliwa nguo tangu siku ya harusi, asingelisikia hata kwa viboko. Tusi ndilo lililopakia abiria.

Akanong'ona tena, na hajui kwa nini aliuliza hilo.

"Siku ile majini. Ulikuwa unasema nini?"

Hilo halikuwa swali la moja wala la mbili. Halafu kitu kikaanza kukwaruza chini ya boti. Kilianzia miguuni kwake. Kilipita chini ya magoti. Kilipita chini ya tumbo. Faiba ilikuwa ya moto kwa jua la mchana, ila pale kilipopita ilipoa, ikapoa kama sakafu ya chumba cha maiti. Kikafika chini ya kifua. Kikasimama.

Tok. Tok. Tok.

Tatu. Tatu hawakukubaliana. Tatu haikuwa na maana yoyote.

Halafu hakikuacha. Tok, tok, tok, tok, chini ya kifua, chini ya koo, chini ya shavu lililokuwa limegusa faiba, haraka, haraka zaidi, kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Faiba ikawa inambonyea. Aliisikia kwenye mfupa wa shavu, vidole vinne, pembeni kwa pembeni. Mjomba akarudi nyuma kwa viwiko. Mkanda wa suruali ukanasa kwenye kibanio cha waya. Akavuta. Haukutoka. Akafungua kinywa kumwita mtu ambaye hakuwahi kumwita kwa miaka yote ile.

"Shemeji!"

Na juu, kwenye usukani usio na mtu, honi ikalia.

Ililia kwa nguvu zake zote. Mjomba alipiga kelele mpaka koo likachanika, na yeye mwenyewe hakujisikia. Kupitia lile tundu alimwona Nahodha akigeuza kichwa kutazama boti. Akamwona akinyanyuka nusu. Halafu akamwona akikaa tena juu ya ndoo, akaipa boti mgongo. Nahodha alieleza baadaye kwamba alidhani fundi anampigia honi kama anavyoitwa mchuuzi, na akaapa moyoni kwamba hata ilie mpaka betri iishe, hainuki.

Mjomba aliielewa honi ile akiwa chini yake. Anasema ndipo alipojua Posta alivyojisikia. Unasema maneno yako yote, na duniani hakuna sikio.

Akakikamata kiungo. Hakukifungua kwa ile pembe aliyoikunja kwa ustadi wake. Alikipasua kwa meno. Waya ukaachana, cheche ikaruka, honi ikakatika katikati ya mlio.

Kimya.

Chini ya kifua chake, moja tu. Taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba ya watu.

Tok.

Ilikuwa imezima. Kila kitu kilikuwa kimezima. Lakini kilisema imewaka.

Ile sauti ya mjomba, sasa honi ilipokwisha, ilifika mpaka kwenye kibanda. Nahodha alikuja akikimbia. Alimvuta miguu, suruali ikabaki kwenye kibanio, na fundi wa watu akatolewa kwenye mfuniko na chupi mchana kweupe, mdomo umejaa damu na tepu. Siku nyingine gati lingecheka wiki nzima. Wakakaa sakafuni wanatazamana, kwa mara ya kwanza.

"Ulikuwa unapigana na nani?" Nahodha akanong'ona.

"Na aliyekuwa akinigongea."

"Mimi nilishuka ulipoingiza kichwa. Sikugonga hata moja."

Mjomba akamwuliza kama aliambiwa kiungo ni cha muda. Nahodha akatazama mikono yake. Akasema aliambiwa. Akasema Posta alisimama pale pale, akalitoa tusi lote akiwa amefumba macho, na lilipokwisha akamwomba, kwa niaba yake mwenyewe, wasiondoke siku ile. Yeye akamjibu kwamba mjumbe hana maoni.

Hawakuendelea. Sijui kama kulikuwa na kitu cha kuendeleza.

Jioni ile walikwenda wote wawili kusimama mbele ya yule mwanamke, mume na kaka, bega kwa bega kama watoto waliovunja chungu. Akawauliza kosa ni la nani. Kila mmoja akafungua kinywa, na kila mmoja, jamani, baada ya miaka yote ile ya kulaumiana, akasema "langu". Walisema pamoja. Mjomba anasema alitegemea hilo litamlainisha.

Mkewe akasema yeye alipanga la kufanya kosa likiwa la mmoja. Akaingia ndani, akatoka na begi, akawapita. Hakwenda kwa kaka. Alikwenda kwa mjane wa Posta, na yuko huko hadi leo. Mjomba akipeleka salamu mwenyewe, hapati jibu, na hana wa kumtuma.

Boti ilivutwa nchi kavu, ikang'olewa mashine, betri na kila waya, ikapinduliwa nyuma ya karakana tumbo likitazama mbingu. Nikaitwa mimi na ndugu wengine kukwangua rangi. Tulipofika katikati, tukaweka chini vikwanguo.

Faiba haibonyei. Ukiipiga sana inapasuka, hiyo ndiyo asili yake. Hii ilikuwa imebonyea bila ufa, kama unga uliokandwa. Vishimo vidogo, vinne vinne, pembeni kwa pembeni, vya vifundo vya vidole vya mtu. Vilianzia nyuma, chini ya betri. Vikafuata njia ya waya uliokuwa ndani, hatua kwa hatua, mahali ambapo mtu wa nje hawezi kujua waya umepita. Vikafika penye kiungo. Vikapita. Pale kilipokuwa kifua cha mjomba vilijazana mpaka havihesabiki, na vya mwisho kabisa, vilivyotazama mbele, vilikuwa na maji ndani. Boti ilikuwa juani kwa wiki kadhaa.

Watu wakawa wamenyamaza, na mimi kimya cha watu hukiona kama deni. Nikaingiza ngumi kwenye vile vya mwisho. Ikaenea. Nikatabasamu kwa ndugu zangu, nikagonga mara moja, nikasema imewaka.

Ndani ya boti ile tupu, kitu kikajibu.

Toka hapo kinagonga kwangu. Kinagonga chini ya sakafu ya chumba changu, mchana, nikiwa peke yangu, tatu tatu, na sijui ni ujumbe wa nani. Mjomba ana kosa lake na Nahodha ana lake, siwapunguzii. Lakini wao walimtuma tu. Aliyemwitikia ni mimi, tena kwa kichekesho ambacho hakuna hata mtu mmoja aliyecheka.